Asilimia 99 ya watu gani?

Hebu tuanze na swali. Usichukue kikokotoo, na usikimbilie kutafuta jibu mtandaoni.

Kuna ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya watu 1000. Kuna kipimo cha kuugundua, lakini kipimo chenyewe kina kasoro: kati ya watu ambao hawana ugonjwa huo, asilimia 5 kinawaonyesha kwamba wanao. Sasa mtu mmoja amepimwa, majibu yametoka chanya. Hujui chochote kuhusu dalili zake wala historia yake. Je, kuna uwezekano gani kwamba kweli anaumwa?

Watu wengi hujibu asilimia 95. Hoja yao ni kwamba kipimo kinakosea mara 5 katika 100, kwa hiyo kinapatia mara 95. Inaingia akilini kabisa. Na kama wewe pia umejibu hivyo, uko na watu wazito: mwaka 1978 Ward Casscells na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya kuwauliza swali hilo watu 60, madaktari na wanafunzi wa udaktari, kwenye hospitali za Harvard, Marekani. Watu 27 kati yao walisema asilimia 95. Waliopata jibu sahihi walikuwa 11 tu.

Jibu sahihi ni kama asilimia 2.

Subiri, usifunge ukurasa. Wachukue watu 1000, wapange uwanjani. Mmoja kati yao anaumwa, na tuseme kipimo kinamnasa. Wanabaki 999 ambao ni wazima. Asilimia 5 ya hao ni kama watu 50, na hao kipimo kitawasingizia. Sasa sema kwa sauti: "Wote wenye majibu chanya wanyooshe mkono." Watanyoosha watu 51. Wangapi kati yao wanaumwa? Mmoja. Mtu 1 kati ya 51 ndiyo hiyo asilimia 2.

Ona kilichotokea hapo. Hatukutumia kanuni yoyote ya kukariri. Namba ni zilezile za mwanzo, ugonjwa ni uleule, kipimo ni kilekile. Tulichobadilisha ni namna ya kulisema swali: tuliacha asilimia, tukahesabu vichwa. Badiliko hilo dogo limechunguzwa kwa karibu miaka 30 na watafiti wa ufundishaji wa takwimu na uwezekano, pamoja na wanasaikolojia, na ni moja ya matokeo machache katika eneo hili yanayorudi tena na tena kila yakijaribiwa. Kwa maoni yangu limechelewa mno kufika kwenye madarasa yetu, na hasara yake haiishii kwenye mtihani, kama tutakavyoona tukifika kwenye upimaji wa VVU.

Mia ipi?

Neno letu "asilimia" limebeba "mia" tumboni, lakini tukilisikia tunasahau kuuliza: mia ipi? Mia ya akina nani?

Rudi kwenye swali letu. "Asilimia 5 kinawaonyesha kwamba wanao." Hiyo ni asilimia 5 ya watu wazima tu, wale wasioumwa. Tunachoulizwa ni kuhusu watu wengine kabisa: wale wenye majibu chanya. Hizo ni mia mbili tofauti. Anayejibu 95 amechukua namba iliyotoka kwenye kundi la wazima akaipachika kwenye kundi la waliopata chanya, bila kuona kwamba amehama kundi.

Kosa hili la kugeuza sentensi kichwa chini huwa tunalikamata bila shida likihusu mambo ya mtaani. Karibu kila dereva wa bodaboda ni mwanaume. Je, ina maana karibu kila mwanaume ni dereva wa bodaboda? Hakuna atakayesema ndiyo, maana sote tunajua wanaume ni wengi kuliko bodaboda zote za mji. Lakini badilisha maneno, weka "karibu kila mwenye ugonjwa hupata majibu chanya", na ghafla watu wanakubali kwamba "karibu kila mwenye majibu chanya ana ugonjwa". Kinachotusaidia kwenye bodaboda ni kwamba ukubwa wa makundi tunaufahamu. Kwenye vipimo hatuufahamu, na asilimia inauficha zaidi, kwa sababu kazi ya asilimia ni kufuta ukubwa: kundi la mtu mmoja na kundi la watu 999 yote yanakuwa "mia".

Shuleni, jibu la tatizo hili lina jina. Linaitwa kanuni ya Bayes, kutokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Kazi yake ilichapishwa miaka miwili baadaye kwa jitihada za rafiki yake Richard Price. Ni kanuni nzuri, na mimi naitumia karibu kila wiki kwenye utafiti wangu. Ila ukimpa mwanafunzi sehemu yenye mabano matatu juu na matano chini, atakachojifunza ni wapi pa kuweka namba. Muulize kesho yake jibu lina maana gani kwa mgonjwa aliyeketi mbele yake, na utaona.

Watafiti walichokuta

Mwaka 1995 Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walichapisha utafiti ambao mpaka leo hauepukiki ukisoma kuhusu jambo hili. Waliwapa wanafunzi wa chuo maswali 15 ya aina ya lile la mwanzo. Swali likiandikwa kwa asilimia, wanafunzi walifikiri kwa njia sahihi katika asilimia 16 ya majaribio. Swali lilelile likiandikwa kwa idadi ya watu ("watu 10 kati ya 1000", "8 kati ya hao 10"), walifika asilimia 46. Hapakuwa na somo lolote katikati. Hakuna aliyefundishwa kitu. Ni maandishi ya swali tu ndiyo yaliyobadilika.

Mwaka uliofuata, 1996, Leda Cosmides na John Tooby walilichukua lile swali la Harvard wakawapa wanafunzi wa Stanford. Kwa maneno ya awali waliopata walikuwa asilimia 12. Kwa idadi ya watu, asilimia 76. Na pale wanafunzi walipotakiwa kuweka alama wenyewe kwenye visanduku, kila kisanduku mtu mmoja, walifika asilimia 92. Mwalimu yeyote anayesoma hapa naomba asimame kidogo kwenye hiyo namba ya mwisho. Kilichoongezeka hapo ni karatasi na kalamu.

Je, madaktari wenyewe? Hoffrage na Gigerenzer waliwajaribu madaktari 48 nchini Ujerumani, matokeo yakatoka mwaka 1998. Kwa asilimia, majibu sahihi yalikuwa kama 10 katika 100. Kwa kuhesabu vichwa, 46 katika 100. Hawa ni watu wanaosoma majibu ya vipimo kila siku ya kazi.

Watafiti huziita idadi za namna hii "marudio asilia". Neno asilia lina sababu yake: ndivyo mtu anavyokusanya taarifa maishani, kesi moja baada ya nyingine. Muuguzi wa zamani hakuanza na asilimia. Aliona wagonjwa, akakumbuka wangapi walikuwa hivi na wangapi vile. Hapa pamezuka ubishi. Gigerenzer na Cosmides kila mmoja kwa namna yake walidai kwamba akili ya binadamu imeumbika kuhesabu matukio, na asilimia ni kitu kigeni kwake. Wengine, akiwemo Steven Sloman, wakasema hapana, hakuna haja ya kwenda mbali hivyo: idadi ya vichwa inasaidia kwa sababu inakuonyesha wazi kundi lipo ndani ya kundi lipi, kama sufuria zinazoingiliana. Kwangu hoja ya Sloman ina nguvu zaidi, kwa sababu inaeleza pia kwa nini michoro inasaidia. Lakini kwa mwalimu wa darasa ubishi huo hauna haraka. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba njia inafanya kazi.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana kuna watu wakishapenda kitu wanakiuza kama dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2017 Michelle McDowell na Perke Jacobs walikusanya matokeo ya makala 35 za utafiti wakayachambua kwa pamoja. Ukiweka zote kwenye kapu moja, wanaopata jibu sahihi kwa asilimia ni kama 4 katika 100, na kwa kuhesabu vichwa ni 24 katika 100. Kupanda kutoka 4 hadi 24 ni kupanda kukubwa. Lakini 24 bado ina maana kwamba watu watatu kati ya wanne wanakosa.

Kwa nini? Mwaka uliofuata Patrick Weber, Karin Binder na Stefan Krauss wa Regensburg, Ujerumani, walilichukua swali hilo hasa. Waliangalia namna wanafunzi walivyofanya hesabu, hawakuishia kwenye jibu la mwisho. Walichokikuta kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja: wanafunzi wengi waliopewa idadi ya watu, tayari kwa kuhesabu, waliigeuza kuwa asilimia au sehemu, kisha wakapotea humohumo kwenye kanuni. Yaani wamepewa njia fupi, wakarudi barabara ya vumbi kwa hiari yao. Shule iliwafundisha kwamba hesabu za uwezekano lazima ziwe na desimali. Kuhesabu watu kunaonekana utoto, si hesabu ya kidato cha nne.

Kutoka ubaoni hadi chumba cha kupimia

Hadi hapa mtu anaweza kusema, sawa, ni michezo ya wasomi. Basi tuje kwenye kipimo ambacho wengi wetu tumewahi kukipitia: kile cha haraka cha VVU, tone moja la damu kwenye kidole.

Mwaka 1998 Gigerenzer, Hoffrage na Axel Ebert walichapisha utafiti wa aina yake. Ebert alikwenda kwenye vituo 20 vya ushauri na upimaji nchini Ujerumani kama mteja wa kawaida asiye na tabia hatarishi, akauliza maswali ambayo mteja yeyote angeuliza: kipimo kinaweza kukosea? Nikipata chanya, nina uhakika kiasi gani? Washauri wengi walimwambia kwamba chanya ni uhakika kabisa, au karibu kabisa. Sasa hesabu. Kwa wanaume wa kundi lake huko, makadirio yalikuwa kwamba katika watu 10,000 mmoja ana virusi. Kipimo kingemnasa huyo mmoja. Na katika hao 9,999 wengine, kipimo kingemsingizia kama mmoja. Kwa hiyo chanya mbili, moja ya kweli na moja ya uongo. Nusu kwa nusu! Na hicho kilikuwa kipimo kizuri sana, kinachokosea mara moja tu katika 10,000.

Turudi nyumbani. Kabla sijaendelea, niseme wazi kitu kimoja ili mtu asiondoke na nusu ya habari: hakuna utaratibu unaokubalika unaompa mtu jibu la kuwa na VVU kwa kipimo kimoja. Hesabu zinazofuata ni za kueleza kwa nini iko hivyo. Aliyepewa majibu kwa utaratibu kamili na yuko kwenye dawa, asiguse dozi yake kwa sababu ya makala hii.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka kipimo cha haraka cha VVU kinase angalau watu 99 kati ya 100 wenye virusi, na kisiwasingizie zaidi ya watu 2 kati ya 100 wasio na virusi. Hivyo ndivyo viwango vya chini vya kukubaliwa. Vipimo vingi hufanya vizuri zaidi. Tuchukue hivyo vya chini.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa Tanzania wa 2022-2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Nyuma ya wastani huo kuna tofauti kubwa: Njombe ni asilimia 12.7, Zanzibar haifiki asilimia 1. Chukua watu 1000 wa Njombe. Wenye virusi ni 127, na kipimo kitawanasa kama 126. Wasio na virusi ni 873, na kipimo kitawasingizia kama 17. Chanya zote 143, za kweli 126. Yaani karibu 9 kati ya 10. Sasa panda boti mpaka Unguja na kipimo hichohicho, kutoka boksi hilohilo. Tuseme katika watu 1000, wenye virusi ni 5. Watanaswa wote 5. Waliobaki ni 995, na kipimo kitawasingizia 20. Chanya 25, za kweli 5. Moja kati ya tano.

Kipimo hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Ukimuuliza mtu "kipimo hiki ni sahihi kwa asilimia ngapi?" bila kumwambia kinapima watu gani, umeuliza swali lisilo na jibu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya vichwa inalitoa hadharani, na ambalo mimi binafsi lilinifurahisha nilipolipiga kwa mara ya kwanza. Rudi kwenye watu wazima 1000 wa Tanzania, 44 wakiwa na VVU. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya 8 kati ya 10 wanaoishi na VVU tayari wanajua hali zao. Kwa hiyo katika hao 44, kama 36 wanajua, wapo kliniki, wanachukua dawa. Hawana sababu ya kuja tena kwenye foleni ya kupima. Wanaobaki bila kujua ni kama 8, kati ya watu 964. Ukiwapima wote hao 964, chanya za kweli zitakuwa 8, na za uongo zitakuwa kama 19. Ni kweli kwamba wanaokuja kupima hawaokotwi kama bahati nasibu. Wengi huja kwa sababu fulani, au wametafutwa kwa sababu wenza wao wamekutwa na virusi, kwa hiyo kwenye foleni halisi chanya za kweli zitakuwa nyingi kuliko hizo. Lakini mwelekeo ni huo. Jinsi nchi inavyofanikiwa kuwafikia watu wake, ndivyo chanya inayotoka kwenye kipimo cha kwanza inavyopungua uzito. Mafanikio ya tiba yanaharibu hesabu ya upimaji. Bila kuhesabu vichwa, sentensi hiyo ingeonekana kichekesho.

Na ndiyo maana utaratibu ulibidi ubadilike. Zamani WHO ilikuwa na njia mbili: pale ambapo angalau watu 5 kati ya 100 wanaopimwa wana virusi, vipimo viwili mfululizo vyenye chanya vinatosha, chini ya hapo, vitatu. Novemba 2019 ikapendekeza nchi zote zihamie kwenye vitatu, kwa sababu karibu kila mahali kiwango cha wanaokutwa na virusi kwenye upimaji kilikuwa kinashuka chini ya hiyo 5. Lengo lake ni kwamba katika kila watu 100 wanaoambiwa wana VVU, angalau 99 wawe nao kweli.

Kwa nini 5, na si 3 au 10? Hesabu mwenyewe, inapendeza. Chukua watu 10,000, wenye virusi 500. Wasio na virusi ni 9,500. Kipimo cha kwanza kinawasingizia 190. Hao 190 wanapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine, nacho kinawasingizia 2 kati ya kila 100, yaani kama watu 4. Upande wa wenye virusi, baada ya vipimo viwili wamebaki kama 490. Kwa hiyo chanya 494, za kweli 490. Hiyo ni asilimia 99.2. Lengo limefikiwa, kwa kupumulia puani.

Sasa shusha wenye virusi wawe 100 tu kati ya 10,000. Kipimo cha kwanza kinasingizia watu 198, cha pili kinabakiza kama 4. Za kweli ni kama 98. Chanya 102, za kweli 98: asilimia 96. Lengo halijafikiwa, na watu wanne wazima wanarudi nyumbani na habari ya kuvunja ndoa. Ongeza kipimo cha tatu: wale 4 wanapungua hadi kuwa chini ya mmoja katika 10,000. Lengo limefikiwa tena. Hesabu hii inategemea sharti moja, kwamba kipimo cha pili hakikosei kwa sababu ileile iliyokikosesha cha kwanza. Ndiyo sababu vipimo vinavyofuatana vinatakiwa viwe vya aina tofauti. WHO inashauri pia mtu apimwe upya kabla ya kuanzishiwa dawa.

Mwongozo wa kimataifa unaogusa mamilioni ya watu, na tumeufikia kwa kujumlisha na kutoa. Mhudumu wa afya aliyeona hesabu hii mara moja hatamwambia mteja "kipimo hiki hakikosei" wala hatamwambia "usijali, mara nyingi ni uongo". Ana jambo la kumweleza mtu aliyekaa mbele yake akisubiri kipimo cha pili, na anajua analitoa wapi.

Basi tufundisheje?

Kwenye mtaala wa hisabati niliousoma mimi, uwezekano ulikuja kidato cha nne, mwishomwisho, ukibanwa na maandalizi ya mtihani wa taifa. Shujaa wake ni mfuko wenye mipira myekundu na myeusi. Sina ugomvi na mipira. Tatizo ni kwamba mfuko hautufundishi kuuliza "mia ipi?", kwa kuwa kundi ni moja tu na liko mbele ya macho yetu. Kilichokuwa kinanishangaza kwenye semina za mwaka wa kwanza chuoni ni kuona wanafunzi wenye alama A za hisabati wakichora mchoro wa mti wa uwezekano bila kosa, kila tawi na desimali yake, halafu wakinyamaza kabisa ukiwauliza matawi yapi yanakutana kwenye chumba cha daktari.

Na mti ndio mahali pa kuanzia mabadiliko, maana walimu wanao tayari. Binder na Krauss, pamoja na Georg Bruckmaier, walionyesha mwaka 2015 kwamba mti wenye idadi ya watu kwenye vituo vyake unawasaidia sana wanafunzi wa sekondari, wakati mti uleule ukijazwa desimali peke yake hausaidii sana. Kwa hiyo usiufute mti. Weka "1000" kwenye shina, badala ya "1". Matawi ya kwanza yawe idadi ya wanaoumwa na wasioumwa. Ya pili yawe idadi ya chanya na hasi. Desimali ziandikwe pembeni, baadaye, mwanafunzi akishaona watu wanavyogawanyika. Kama 1000 inazaa nusu mtu, panda hadi 10,000. Hiyo nayo ni akili ya takwimu, kujua uanze na umati wa ukubwa gani.

Kwa darasa lisilo na kitu, maharage yanatosha. Maharage 200, machache ya rangi tofauti yakiwa ndiyo "wagonjwa". Mezani chora duara la chanya. Wanafunzi wasogeze maharage kwa mikono yao kufuata maelezo ya kipimo, halafu waangalie ndani ya duara tu. Kumbuka ile asilimia 92 ya Stanford.

Je, kitu hiki kinakaa kichwani au kinaisha na kipindi? Peter Sedlmeier na Gigerenzer walilipima hilo, wakachapisha mwaka 2001. Kundi moja lilifundishwa kanuni, jingine likafundishwa kugeuza asilimia kuwa idadi ya vichwa, mafunzo yakiwa ya chini ya saa mbili. Waliofundishwa kanuni walifanya vizuri mwanzoni kisha wakaanza kusahau. Waliofundishwa kugeuza, baada ya wiki tano bado walikuwa palepale. Kumbuka na matokeo ya Regensburg: wanafunzi wanarudi kwenye kanuni kwa mazoea. Kwa hiyo haitoshi kumwandikia mwanafunzi swali kwa idadi ya watu. Afundishwe kuligeuza mwenyewe, na ahakikishiwe kwamba kwenye mtihani njia hiyo inapewa alama zote. Hapo mwisho ndipo penye kazi, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ukidai kanuni, hakuna mwalimu atakayehatarisha darasa lake.

Anayetaka kuingia zaidi, jamii ya watafiti hawa haijajifungia. Chama chao cha kimataifa, IASE, kipo tangu 1991, na mkutano wao mkuu, ICOTS, hufanyika kila baada ya miaka minne. Umewahi kuja Afrika mara mbili, Marrakech mwaka 1994 na Cape Town mwaka 2002. Jarida lao, Statistics Education Research Journal, lilianza 2002 na linasomwa bure, jambo ambalo sisi tunaohangaika na makala za kulipia tunalithamini.

Nakuachia zoezi. Chuo fulani kinatumia programu ya kukagua kama insha imeandikwa na akili bandia. Darasa lina wanafunzi 200, na 20 kati yao wametumia akili bandia. Programu inawanasa 90 katika kila 100 waliotumia, na inawasingizia 5 katika kila 100 wasiotumia. Mwanafunzi mmoja ametajwa na programu, ameitwa ofisini. Chora mti, anza na 200. Ukimaliza, futa ile 20 uandike 4, uchore tena.